Fundi kaniunguzia pinboli halafu ananiambia "ni vumbi hilo bosi"

Wakuu, naandika huku moshi bado uko sebuleni na sijala tangu asubuhi.

Mnamjua. Simtaji, hana haja ya kutajwa, kila nyumba aliyoingia mtaa huu kuna kitu hakiwaki. Yule mwenye bisibisi nyuma ya sikio.

Nina mashine ya pinboli, Williams ya mwaka 1991 kutoka Chicago, kaka aliileta kwenye kontena moja na magodoro. Ni ile meza ya kioo, unapiga gololi ya chuma kwa flipa, inagonga bampa, taa zinawaka. Waya za transfoma zilishahamishwa kutoka volti 120 kwenda 230. Miaka minne haijanisumbua. Juzi bampa zote tatu zikanyamaza: fyuzi ya ampea 3 imekatika.

Sasa fyuzi si kawaida kufa kwa uzee jamani, mara nyingi kuna kitu kimeiua. Kila bampa inavutwa na koili, waya uliozungushwa unaogeuka sumaku, na transista ndiyo swichi yake. Transista ikiungua inaweza kubaki inapitisha umeme muda wote, koili inavuta bila kuachia, na koili ile imeundwa kuvuta mara moja na kuachia, si kukaa na volti 70 mpaka jua lizame. Kwa hiyo unazima, unapima koili, unapima transista, NDIPO unaweka fyuzi mpya. Nilimwambia yote haya. Mita nilimwekea mezani. Hakuigusa, utadhani ina ukoma.

Akatoa pakiti ya sigara. Akachana ile karatasi ya fedha, akaizungushia fyuzi iliyokatika. Akawasha.

Moshi uliotoka hapo, jirani alianua nguo. Kuku wamekohoa. Na huyu bwana, amesimama katikati ya moshi, hajioni hata kichwa, ananiambia: "Ni vumbi hilo bosi, la siku nyingi, linaungua lenyewe."

VUMBI!

Koili imeyeyuka, plastiki yake imegandana na chuma, naambiwa vumbi. Mwanangu wa miaka sita kauliza mbona vumbi linanuka kama kandambili jikoni. Mtoto kajua! Elfu 40 alishazitia mfukoni kabla hajafungua kioo, haya, pesa zinatafutwa. Lakini kunitazama machoni, nyumbani kwangu, moshi unamtoka kwenye kola, aseme vumbi?

Mzee wa Solda: Pole mkuu. Usiwashe tena, toa hiyo karatasi kwanza. Transista itakuwa TIP102, na nyuma yake kuna ndogo, 2N5401, mara nyingi zinakufa pamoja, badilisha zote mbili. Ukiwa humo angalia betri tatu za bodi ya juu, zikivuja zinakula njia za shaba.

Mleta uzi: Asante mzee wangu. Betri nilishatoa. Ila mzee, VUMBI?

Kijiti Kavu: Mtu mzima una meza ya gololi sebuleni. Wageni wanakaa wapi, juu ya flipa?

Binti Chumvi: 😂😂 kuku wamekohoa

Tajiri wa Kesho: Mashine ya Marekani unachomeka kwenye 230 halafu unamlaumu fundi. Kaonewa huyo.

Mleta uzi: Soma uzi kabla ya kuandika. Transfoma imeshabadilishwa, MIAKA MINNE. Na hata kama isingebadilishwa, karatasi ya sigara ndiyo dawa? Akaniambia vumbi!

Mama Watatu: Huyo huyo wa bisibisi sikioni? Alikuja kwangu kuangalia friji. Aliondoka nayo "kwa siku mbili". Ramadhani imeingia imetoka, nakunywa maji ya mtungi.

Kijiti Kavu: Maji ya mtungi matamu lakini.

Mama Watatu: Matamu kwako. Nilikuwa nauza barafu mimi.

Binti Chumvi: Afadhali nyie wa friji. Fundi cherehani wangu nilimpelekea kitambaa cha Idi wiki tano kabla. Usiku wa kuamkia sikukuu namkuta ndiyo kwanza anakata. Nikavaa la mwaka jana.

Shangazi wa Pwani: Fundi cherehani wasikie hivyo hivyo mwanangu. Mimi sare ya harusi ya mdogo wangu nimeiona mgongoni mwa mke wa fundi.

Binti Chumvi: Weeee! Ukafanyaje?

Mleta uzi: Jamani naomba kuuliza, hizo TIP102 Kariakoo wanauza mtaa gani?

Shangazi wa Pwani: Nikamfuata mpaka ukumbini. Nikamwambia dada, geuka. Akageuka. Pindo langu lile, na doa la chai nililomwagia mwenyewe.

Tajiri wa Kesho: Shangazi endelea, nimevuta kiti.

Mama Watatu: Alivua?

Mleta uzi: Mzee wa Solda, bado upo?

Shangazi wa Pwani: Avue wapi! Alisema walinunua kitambaa duka moja na mimi. Na doa je? Eti maua.

Kijiti Kavu: Maua 😂😂 Hilo linazidi vumbi.

Binti Chumvi: Shangazi, hicho kitambaa kilikuwa bei gani kwanza?