Tupeane uzoefu: wiki za mwanzo za dawa za wasiwasi na sonona

Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu kuhusu wiki za mwanzo za dawa hizi, hasa sisi tunaosumbuliwa na hofu ya maradhi, kwa kuwa wengi huziacha katika kipindi hicho. Nianze mwenyewe. Kabla ya kufika kliniki ya afya ya akili nilikuwa nimepimwa moyo, tumbo na damu, na majibu mazuri yalinituliza hadi jioni tu, kisha nikaanza kuwaza hospitali nyingine. Daktari aliniandikia sertraline, nusu ya kidonge cha miligramu 50 kwa kuanzia, akanionya kwamba siku za mwanzo wasiwasi unaweza kuongezeka kabla ya kupungua. Hapo ndipo penye mtihani: kichefuchefu, kutetemeka na kukatika kwa usingizi ni maudhi ya dawa yanayojulikana, lakini mtu aliyezoea kujichunguza huyachukua kuwa ushahidi wa ugonjwa aliokuwa akiuogopa siku zote. Karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi nilimpa dada yangu aisome yeye, na mashine ya presha ikahamia kwake. Kichefuchefu kilipungua nilipoanza kumeza dawa baada ya kifungua kinywa. Usingizi ulitangulia kutengemaa. Mawazo ya ugonjwa ndiyo yaliyong'ang'ania, na nilielezwa kwamba hofu ya namna hii huweza kudai wiki 12 au dozi kubwa zaidi.

Mchangiaji wa pili: Mimi nilipewa amitriptyline, miligramu 25 usiku. Mdomo ulikauka, choo kikawa kigumu, na asubuhi nilikuwa mzito mno, mpaka daktari aliponiruhusu kuimeza mapema, saa moja jioni badala ya saa nne. Niliendelea kuombewa kanisani na sikuona mgongano wowote, ingawa shangazi yangu aliuona.

Mchangiaji wa tatu: Ninamzungumzia mume wangu, ambaye alitumia fluoxetine, akapata nafuu, akaona hana haja tena ya dawa, akaiacha. Baada ya muda aliacha kula na kuzungumza nasi, tukarudi kliniki, tukaambiwa kwamba mtu akishapona huendelea na dawa kwa miezi sita au zaidi, na kwamba kuacha hufanywa kwa kupunguza dozi taratibu chini ya daktari.

Mchangiaji wa nne: Naongezea nikiwa muuguzi. Walio chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilishwa; yakijitokeza mawazo ya kujidhuru, au mtu akawa na fadhaa isiyo ya kawaida, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri tarehe ya kliniki. Mtajieni daktari kila mnachotumia, zikiwemo dawa za mitishamba na tramadol, dawa ya maumivu ambayo haipatani vizuri na dawa za kundi la sertraline. Diazepam, dawa ya kutuliza, inayoazimwa kwa jirani hutuliza usiku mmoja, lakini ikizoeleka kuiacha ni kazi.