Kadi imekataliwa lakini mteja anasema pesa zimekatwa: tumjibuje?

Dawati_la_Maagizo
Habari wakuu. Nipo huduma kwa wateja kwenye duka la mtandaoni. Malipo yanagoma, agizo halipo, lakini mteja akifungua programu ya benki yake anakuta salio limepungua. Kwetu muamala unasomeka "umekataliwa". Tukimwambia hatujapokea pesa, anatuona wezi. Tukague nini kabla ya kumpeleka benki?

FundiMalipo
Anachokiona mteja ni kweli, msimbishie. Malipo ya kadi yana hatua mbili. Kwanza idhini: benki iliyotoa kadi inakubali na kuzitenga pesa zisitumike kwingine. Kisha muuzaji anazidai, na hapo ndipo zinahama. Mara nyingi benki imeshakubali, halafu lango la malipo, yaani mfumo unaopitisha malipo kati ya duka na benki, linakataa kwa sababu anwani au zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi hazikulingana. Au mtandao umekatika kabla jibu halijawafikia. Pesa zinabaki zimeshikiliwa, hazipo kwenu wala mteja hawezi kuzitumia.

Usiliamini neno "umekataliwa" peke yake. Fungua muamala utafute namba ya idhini, ile yenye tarakimu au herufi 6. Ikiwepo, benki ilikubali, basi tuma ubatilishaji wa idhini siku hiyohiyo. Usibonyeze marejesho; hayo ni ya pesa mlizokwishakusanya. Isipokuwepo, kagua majaribio mengine ya kadi hiyohiyo, maana mteja huwa amebonyeza "lipa" zaidi ya mara moja.

Salio_Halisi
Naongezea hapo kwenye kubonyeza tena na tena. Chukua kadi yenye 500 na bidhaa ya 200. Jaribio la kwanza na la pili yameshika 400, la tatu linarudi na msimbo 51, yaani namba ya jibu la benki inayomaanisha salio halitoshi. Mteja anaapa kuwa ana pesa, na kweli anazo. Kwa hiyo neno la kwanza kwake liwe: usijaribu tena kwa sasa.

Misimbo mingine: 54 kadi imeisha muda, 14 namba ya kadi si sahihi, 91 benki yake haipatikani, ajaribu baadaye. 57 ni muamala usioruhusiwa kwa kadi hiyo. Mara nyingi manunuzi ya mtandaoni yamefungwa na mteja anaweza kuyafungua mwenyewe kwenye programu ya benki. 05 benki imekataa bila kutaja sababu, msibuni sababu. 41 na 43 ni kadi iliyoripotiwa kupotea au kuibiwa. Hizo msimtajie aliye kwenye simu, anaweza kuwa ndiye mwizi. Mwambieni tu awasiliane na benki yake.

FundiMalipo
Kwenye ujumbe ombeni tarakimu 4 za mwisho za kadi, tarehe, saa na kiasi. Namba nzima na zile tarakimu tatu msiziombe kamwe, hata akijitolea kuzituma. Mwandikieni hivi: "Pesa zako zimeshikiliwa na benki yako, hazijatufikia. Tumebatilisha idhini leo saa fulani, namba ya idhini ni hii. Ukiipigia benki, waambie muuzaji amebatilisha na uwaombe waachilie."

Tarehe msiahidi. Benki nyingine huachilia ndani ya saa chache, nyingine huchukua wiki nzima, na hamna uwezo wa kuiharakisha.

Dawati_la_Maagizo
Shukrani sana. Na kama kwenye programu yake haisomeki tena "inasubiri", inasomeka "imekamilika"?

Salio_Halisi
Hapo kesi imebadilika, pesa zimekusanywa. Linganisheni kiasi na ripoti ya makusanyo ya siku hiyo. Mkikikuta kiasi hicho humo, fanyeni marejesho kwenye kadi ileile, kisha mpeni mteja namba ya kumbukumbu yenye tarakimu 23. Benki yake inaweza kuyafuatilia kwa hiyo. Msipokikuta, mwombeni picha ya mstari huo wa taarifa ya benki na msome jina la muuzaji. Huenda siyo ninyi.