Thaddeus Stevens: aliyemrudisha mama utumwani ndiye huyo huyo mtetezi?

Karani_Majengo
Wakubwa shikamooni. Mimi ni karani kwenye ofisi ya wakili hapa Dodoma mjini, jioni nasoma sheria. Nimekwama kwa Thaddeus Stevens, wakili na mbunge wa Marekani (1792–1868). Wote wanamsifu kuwa adui wa utumwa. Sawa, lakini mwaka 1821, akiwa wakili kijana Gettysburg, Pennsylvania, alisimama upande wa mwenye watumwa dhidi ya Charity Butler, mama mtumwa aliyedai uhuru wake. Sheria ya jimbo ilisema mtumwa wa mgeni akikaa humo miezi sita anakuwa huru. Charity aliletwa akarudishwa, akaletwa tena. Ukijumlisha, miezi inatimia. Stevens akasema haijumlishwi, lazima iwe mfululizo. Akashinda. Mama na wanawe wakabaki watumwa.

Kinachoninyima usingizi: mwezi jana tuliweka pingamizi la awali kwamba rufaa ya mjane mmoja wa Bahi, kesi ya majaruba ya mpunga, imeletwa nje ya muda. Siku nne tu. Mimi ndiye niliyezihesabu kwenye kalenda ya ukutani, kwa kalamu nyekundu. Rufaa ikaondolewa. Mama yule alibaki kwenye benchi la nje, risiti kazifunga kwenye pindo la khanga, anamuuliza askari kesi yake itaitwa saa ngapi.

MwlMstaafu_Kongwa
Marahaba mwanangu. Ile ya 1821 simsafishi nayo. Ila tazama kesi alizozishika baadaye: 1851 alikuwa kwenye jopo lililomtetea Castner Hanway, aliyeshtakiwa uhaini baada ya watu wa kijiji cha Christiana, Pennsylvania, kuwakatalia wawindaji wa watumwa. Aliachiwa.

Mimi kama mwalimu nampendea 1835. Seneti ya Pennsylvania ilishapiga kura kufuta sheria ya shule za bure. Stevens, mguu wake mmoja kilema tangu kuzaliwa, akasimama bungeni akaitetea, na sheria ikabaki. Huyo baba yake aliwatoroka, mama akahangaika peke yake mpaka watoto wakasoma. Alijua anasema nini.

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilipoisha, 1865, akataka mashamba ya mabwana wakubwa wa Kusini yachukuliwe, kila mwanamume aliyeachwa huru apewe ekari 40.

Zabibu_Hombolo
Ekari 40! Na sisi huku tunatoana macho kwa ishirini kwa ishirini. Walipewa?

MwlMstaafu_Kongwa
Wapi! Wenzake bungeni waliikataa. Yeye hakunyamaza. 1868 alikuwa mgonjwa wa kubebwa kwenye kiti, bado anataka Rais Andrew Johnson aondolewe. Ikakosekana kura moja Seneti. Agosti akafa. Alishachagua kuzikwa Lancaster kwenye makaburi yasiyobagua rangi.

Karani_Majengo
Asante mwalimu. Kwa hiyo alisubiri miaka.

Wakili_wa_Kizota
Wewe usisubiri. Rufaa iliondolewa, haijafa. Anaweza kuomba kuongezewa muda, akiwa na sababu za msingi. Wewe ni wa upande wa pili, usimshauri. Kuna wasaidizi wa kisheria wilayani kwake, hawatozi hela.

Karani_Majengo
Alisema alichelewa kwa kuwa mtoto alilazwa. Nilimsikia, nikaendelea kupanga majalada.