Miraba yangu imekataa kulingana: nifumue 71 au niendelee?

Gunia la Umoja

Hamjambo wenzangu wa kroshia.

Nina gunia. Si mafumbo, ni lile la mchele la kilo 50. Limekaa nyuma ya mlango wa chumba changu hapa Umoja, na ndani yake mna miraba 183 ya blanketi. Hata miwili haijaunganishwa.

Nilianza Juni 2022, ile wiki jua la Nairobi lilipogoma na mtu analala na soksi. Kufuma nilifundishwa na shosho nikiwa darasa la tano, kwa uzi mweupe wa pamba, vile vitambaa vya kufunika makochi ambavyo kila sebule ilikuwa navyo na ole wako uviegemee na kichwa chenye mafuta. Baadaye nikaacha kwa miaka mingi. Shosho alipofariki, ndugu zangu waligawana mbuzi na vyombo, mimi nikaomba kroshia yake, ile sindano yenye ndoana ya kufumia. Hakuna aliyebisha.

Kitanda changu ni futi 5 kwa 6, na nataka blanketi lishuke kidogo pembeni. Nikapiga hesabu: mraba wa sentimita 12, miraba 15 kwa upana na 18 kwa urefu, jumla 270. Kila mmoja una mizunguko mitano ya trebo (ule mshono mrefu) tatu tatu, ule mtindo wa kawaida wa kuanzia katikati. Rangi nne za ndani ni zozote zilizo mkononi: manjano ya haradali, bluu ya sare za shule, waridi, kijani kibichi, hata ile rangi ya machungwa niliyonunua kwa hasira siku nimenyimwa likizo. Mzunguko wa mwisho huwa ni maruni, ili wote waonekane watoto wa mama mmoja.

Nafumia ndani ya matatu. Foleni ya Jogoo Road ikiwa mbaya, kutoka City Stadium hadi Donholm mraba mmoja unaisha na mwingine unaanza. Makanga wa gari ninalopanda jioni ananijua, huniwekea kiti cha dirishani. Siku moja akauliza kama ni sweta ya bwana. Nikamwambia ni nguo ya kitanda. Akasema basi hicho kitanda kimeomoka.

Sasa shida. Novemba 2023, mvua inanyesha, watu wanasukumana kushuka, kroshia ya shosho ikabaki kwenye kiti. Nililia, sitawadanganya. Wiki iliyofuata nikazunguka mjini, huko chini karibu na River Road, nikapata nyingine nzuri yenye mpini laini. Nikahakikisha ni namba 8 kama ile ya zamani. Uzi ni uleule, mizunguko mitano ileile. Nikaendelea kama kawaida, namaliza mraba natupa guniani.

Juzi nimemwaga gunia lote sakafuni nipange rangi. Miraba 112 ya kwanza ina sentimita 12. Hii 71 iliyofuata ina 13! Nimepima kwa rula mara tatu. Sentimita moja ni kitu kidogo, lakini ukizipanga 15 kwenye mstari mmoja, mstari wa pili unatokeza sentimita 15 nje kama ulimi.

Dada yangu anasema mkono wangu umelegea tangu msiba. Huenda ni kweli, kwa sababu hata maruni yenyewe imebadilika. Ile ya mwanzo iliisha nikiwa kwenye mraba wa 90 hivi, niliyonunua baadaye inaelekea zambarau ukiiangalia kwenye jua.

Nifumue hiyo 71 nianze upya? Au kuna njia?

Mpwani wa South B

Dada, pole kwa kroshia ya bibi.

Kwanza usifumue kitu. Mimi nilifumua shali nzima mwaka jana, uzi ukarudi umejikunja kama tambi na sina hamu nao hadi leo. Pili, una bahati na huyo makanga. Mimi nikifuma kwenye gari watu wananitazama kama nimebeba jogoo. Mwanamume na kroshia, eti. Babu yangu Lamu alikuwa akishona kofia mbele ya watu wote barazani na hakuna aliyemkodolea macho.

La tatu ni swali tu: mbona nyinyi wa Nairobi mnasema "kushona kroshia"? Kushona si kwa sindano na kitambaa? Angalau wewe umesema kufuma, nakupa alama.

Mama Vitambaa

Mpwani, wacha mtoto apumue, ana shida ya kweli.

Mwanangu, kabla hujaulaumu mkono wako nijibu mambo mawili. Ile kroshia ya shosho ilikuwa imeandikwa 8 peke yake? Na hii mpya imeandikwaje, herufi kwa herufi?

Gunia la Umoja

Ya shosho ilikuwa ya alumini, 8 tu, imechongwa pale pa kushikia na kidole, karibu ifutike. Hii mpya nimeishika hapa. Imeandikwa H, halafu 8. Milimita hazijaandikwa popote. Kwani?

Mama Vitambaa

Nilijua. Dada yako akuombe msamaha.

Kuna namba 8 mbili duniani. Kroshia za zamani zilizokuja hapa zilihesabiwa Kiingereza, na Waingereza walihesabu kinyume: namba ikipanda, kroshia inakonda. Namba 8 yao ni milimita 4. Namba 6 ndiyo milimita 5. Wamarekani huhesabu kwenda mbele, na huweka herufi pia. H-8 yao ni milimita 5. Kwa hiyo ulitoka milimita 4 ukaingia milimita 5 ukidhani umesimama palepale. Mkono wako haukulegea hata kidogo. Miraba 112 mfululizo ya sentimita 12 ni mkono wa mashine.

Mimi ilinipata mwaka 1994 na nguo ya mtoto wa kwanza. Sleeve moja ilimfika kwenye kiwiko na nyingine ikapita vidole. Nikamvalisha hivyohivyo tukaenda kanisani.

Na ukiwa hapo, chunga majina ya mishono pia ukitazama video. Kile unachokiita trebo, kuzungusha uzi mara moja ndipo uingie, Mmarekani anakiita dabo. Dabo ya Kiingereza ni ule mshono mfupi usiozungusha uzi kabla ya kuingia. Ukichanganya hapo utapata kitu ambacho hakina jina.

Sasa dawa. Usifumue. Tafuta uzi wa rangi moja tulivu, mimi ningechukua krimu, uzungushie kila mraba pindo. Ile midogo izungushie trebo. Ile mikubwa izungushie mshono mfupi. Tumia kroshia moja kwa yote, hiyohiyo H yako. Pindo la trebo litaongeza kama sentimita 1 kila upande, 12 inakuwa 14. Pindo fupi litaongeza kama nusu kila upande, 13 inakuwa 14. Usiingie kwenye matundu kama ulivyozoea, ingia juu ya kila mshono. Mzunguko wa tano una mishono 15 kila upande, ukienda mmoja juu ya mmoja na ukafanya kona zote namna moja, hesabu italingana pande zote na kuunganisha hakutakupa taabu. Jaribu kwanza miwili midogo na miwili mikubwa uipime, kwa sababu kila mtu na mvuto wake. Zikibaki milimita mbili tatu, zitamezwa na uunganishaji. Panga mkubwa kando ya mdogo kama dama ili tofauti isikusanyike upande mmoja.

Maruni hayo mawili nayo yataacha kugombana, kwa sababu hayatagusana tena. Krimu itakaa katikati.

Halafu piga hesabu upya, maana sidhani umeona. Mraba ukiwa 14 huhitaji tena 270. Miraba 13 kwa upana ni sentimita 182, na 15 kwa urefu ni 210. Kitanda cha 5 kwa 6 ni kama 152 kwa 183, kwa hiyo linashuka vizuri. 13 mara 15 ni 195. Wewe una 183.

Umebakisha 12, mwanangu.

Mpwani wa South B

Kumi na mbili! Hiyo ni wiki moja ya Jogoo Road. Mvua ikinyesha, siku mbili.

Keekee

Mimi sifumi, mke wangu ndiye yuko kwenye hili jukwaa, nimesoma juu ya bega lake. Kama unataka uhakika wa hiyo namba, nenda kwa fundi wa mbao yeyote hapo mtaani. Mwambie akutobolee kibao kwa keekee ya milimita 4 na ya milimita 5. Pitisha shingo ya kroshia, pale palipo sawa, si kichwa wala pale pa kidole. Ikikwama kwenye 4 na kupita kwenye 5 umepata jibu. Hiyo kazi ni dakika moja, hafai kukulipisha.

Mke wangu anauliza: mikia ya uzi umeificha?

Gunia la Umoja

Mama, nimesoma jibu lako nikiwa kazini na nikatoka nje kidogo. Asante. Miezi hii yote nimekuwa nikijitazama mikono.

Keekee, mwambie mkeo hilo swali ni la uchokozi. Rangi tano kila mraba, mikia kumi. Mara 183. Nimeificha ya miraba sita.

Naomba jambo moja zaidi. Hiyo krimu nitaipata wapi bila kuuza figo? Nikinunua mipira midogo ya dukani nitaishia kupata krimu tatu tofauti, kama yaliyonikuta kwa maruni.

Mama Vitambaa

Mikia 1,770. Uongo mbaya. Kuanzia leo fumia juu yake: ukizungusha pindo, ilaze mikia ya maruni kando ya ukingo na mishono itaimeza. Ya ndani itabidi sindano nene na redio.

Krimu yote nunua siku moja. Kwenye karatasi ya mpira, chini ya jina la rangi, kuna namba ya fungu la kutiwa rangi. Hizo namba zifanane, jina la rangi halitoshi. Ili ujue kiasi, pima miraba kumi kwenye mizani ya muuza nyama au ya duka, izungushie pindo kwa uzi wowote ulio nao, pima tena. Tofauti izidishe kwa 19 na nusu, kisha ongeza ya kuunganishia.

Halafu lile blanketi likiisha usije ukapiga pasi. Uzi wa akriliki ukikutana na pasi ya moto unalala na hauamki tena. Unalinyunyizia maji, unalinyoosha juu ya godoro, unaliacha likauke.

Gikomba Asubuhi

Kwa krimu ya bei nafuu, mitumba. Sweta kubwa moja ya kiume ina uzi wa kutosha na wote ni wa fungu moja. Ila kabla ya kulipa igeuze ndani uangalie pale mbavu zinapoungana. Ukiona kila upande una ukingo wake mzima na umeunganishwa kwa uzi mmoja kama mnyororo, chukua, itafumuka yote kwa mfululizo. Ukiona pameshonwa kwa mashine ya ovaloki, achana nayo, kitambaa kilikatwa na utapata vipande vya urefu wa mkono tu, hata iwe nzuri namna gani.

Ukishafumua usifume hapohapo (Mpwani, hii ni yako). Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uoshe, uutundike ukiwa umebeba kitu kizito kidogo chini. Mimi hutumia kikombe. Ukikauka unanyooka. Na kama ni mwembamba kuliko wako, shika mbili pamoja.

Gunia la Umoja

Narudi na ripoti.

Fundi wa hapa nyuma ametoboa kibao. Kwenye 4 imekwama, kwenye 5 imepita kama imepakwa mafuta. Alinilipisha bob ishirini, Keekee, wewe na hao mafundi wenzako mtajuana.

Jumamosi nilikuwa Gikomba saa kumi na mbili na nusu. Nimepata sweta mbili za krimu zinazofanana, mbavu zake ni za mnyororo. Moja tayari imekuwa uzi, inaning'inia bafuni na kikombe chake, na mpangaji mwenzangu ameuliza kama ni uganga.

Nimejaribu miraba minne. Midogo imetoka 14 na 13.8. Mikubwa 14 na 14.1. Nimeipanga kitandani miwili kwa miwili, nikaikalia kitako kando nikiitazama hadi chai ikapoa.

Ile 12 iliyobaki nimeanza jana jioni. Makanga aliuliza mbona nimekaa wiki nzima bila kazi mkononi. Nikamweleza habari ya namba 8 mbili. Akanyamaza hadi steji ya Hamza, halafu akaniuliza ile ya shosho ilikuwa rangi gani, maana kule steji wana kikapu cha vitu vilivyosahaulika na hakuna anayejua ile sindano ya fedha isiyo na tundu ni ya nini.

Kesho ananiletea niione.