Naomba ushauri: nisomeje kofia ya nyasi ya Saskia?

Ndugu wanajamvi, salamu kwenu. Naandaa makala kuhusu maana ya mavazi katika michoro ya watu ya Uholanzi ya karne ya 17, na nimekwama kwenye mchoro mmoja mdogo ninaoupenda mno, ambao mchoraji wa Kiholanzi Rembrandt alimchora mchumba wake Saskia mwezi Juni 1633, kwa kalamu yenye ncha ya fedha juu ya ngozi ya kuandikia, na ambao sasa umehifadhiwa Berlin. Saskia amevaa kofia ya nyasi yenye ukingo mpana, imepambwa maua, na ua jingine amelishika mkononi.

Nimeulinganisha na picha alizowachora Marten Soolmans na Oopjen Coppit mwaka 1634, ambamo nguo nyeusi na lesi nyeupe zinatangaza utajiri wa wanandoa hao waziwazi. Kwa Saskia hakuna hayo. Naelekea kuisoma kofia hiyo kama vazi la msichana mchunga kondoo, ishara ya mapenzi iliyopendwa zama hizo, ila nachelea kulazimisha maana, kwani huenda ilikuwa kinga ya jua tu.

Je, ua lile mkononi latosha kuthibitisha usomaji huo? Na je, mchoro wa faragha usomwe kwa kanuni zilezile za picha za kuagizwa?