Zaka ikatwe AMCOS? Tujadili kabla ya kikao

Mweka hazina mstaafu, Masasi

Wana Kusini, Bwana asifiwe. Wa upande wa Ndanda, Tumsifu Yesu Kristo. Majirani zangu Waislamu, asalaam aleikum, maana jambo hili linawagusa nanyi.

Nimeshika daftari la fedha la mtaa wetu wa kanisa miaka tisa, nikaliachia msimu uliopita. Sasa halmashauri ya kanisa imeletewa pendekezo: mkulima ajaze fomu, kisha AMCOS, yaani chama cha ushirika kinachomuuzia korosho zake, imkate zaka, fungu la kumi, kabla fedha ya korosho haijaingia benki, kama anavyokatwa ushuru na tozo nyingine. Kura ni mwezi ujao. Mimi napinga, na nataka mnipinge.

Wenye pendekezo si walafi. Kanisa letu linaishi kwa kalenda ya mkorosho. Minada inafunguliwa Oktoba, fedha inaonekana mpaka Krismasi, ikifika Machi bahasha zinarudi na mia tano. Padri anakula korosho miezi mitatu. Miezi tisa anakula ahadi. Zamani shida hii haikumfikia mkulima. UMCA, wamisionari Waanglikana wa Uingereza, waliofungua misheni hapa Masasi mwaka 1876, pamoja na watu waliokombolewa utumwani, walikuwa na wachangiaji Uingereza, na sehemu kubwa ya gharama ilitoka huko. Wachangiaji wale hawapo tena. Mikorosho ipo.

Lakini fungu la kumi la nini? Tuseme nimepeleka kilo 400, bei ya mnada shilingi 3,000. Kwenye karatasi ni 1,200,000, zaka 120,000. Humo hawajatolewa vibarua wa kupalilia, mafuta ya mashine ya kupulizia, wala waokotaji. Nikishawalipa wote nabaki na laki saba, na AMCOS imeshanikata zaka ya fedha ya kibarua wangu. Naye Jumapili anatoa yake. Shilingi ile ile imetolewa zaka mara mbili. Karani hawezi kuyajua hayo. Yeye anajua mizani tu.

Na hilo ni dogo. Shida yetu iko sakristia. Baada ya misa tulikuwa tunamwaga kapu mezani, mimi na mzee wa kanisa mmoja. Noti zinanyooshwa kwa kiganja, sarafu zinapangwa kumi kumi, mayai yanawekwa kando, kuku kafungwa miguu chini ya meza anasubiri kunadiwa pale nje. Tunahesabu wawili, tunasaini wawili. Mpaka hapo safi. Jumatatu padri anaomba ya mafuta ya pikipiki, anapewa, karatasi itakuja. Mwinjilisti kauguliwa na mtoto, anapewa, karatasi itakuja. Nani atamnyima? Mwisho wa mwezi daftari la mapato limenyooka kama rula, na la matumizi lina "itakuja" kila ukurasa. Niliwahi kusoma hesabu nzima mbele ya waumini, na "itakuja" zake. Msimu uliofuata nikaambiwa nifupishe. Uliofuata tena sikuitwa.

Sasa tunataka kuongeza fedha ambayo waumini hawataiona hata ikidondoka kapuni.

Mkulima, Nanyumbu

Shikamoo mzee. Mimi nikatwe tu. Meseji ya benki ikiingia, kabla sijafika nyumbani wameshajua shemeji, fundi bati na mwenye duka aliyenikopesha unga tangu Februari. Zaka ninayoikusudia Oktoba, Desemba siioni. Mbona deni la pembejeo nilikatwa nikanyamaza? Mungu ndiye awe wa mwisho kwenye foleni?

Mama wa kwaya, Newala

Akaunti ni ya nani, mbona hamsemi? Korosho tunaokota wote, mimi na wanangu, lakini jina AMCOS ni la baba watoto. Akikatwa, risiti ni yake. Kadi yangu kanisani itabaki nyeupe, na mwakani nitasomwa kwenye orodha ya wasiotoa. Kwetu orodha hiyo husomwa.

Mjumbe wa bodi ya AMCOS

Waaleikum salaam mzee. Mimi ni mtu wa Ijumaa, lakini niseme. Chama ni cha wanachama wote. Mkileta fomu yenu, msikiti utaleta yake, na walokole wa kule juu watakuja na yao. Karani wetu ni mmoja, na malipo yakichelewa siku mbili ofisi haikaliki. Halafu orodha ya malipo tunaibandika ukutani ili kila mtu aone kilo zake. Mnataka tuongeze safu ya dini? Mtu akitoa kidogo, kijiji kizima kimejua. Mkulima anayalalamikia haya makato tuliyonayo. Siku akikasirikia makato ya Mungu, atakayekuja kugombana naye ni mimi.

Mwinjilisti, Lindi vijijini

Mzee, mimi si yule wa mtaa wako, ila ningeweza kuwa. Someni 2 Wafalme 12. Makuhani walipokea fedha, na hadi mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi nyumba ya Bwana ilikuwa bado haijatengenezwa. Dawa ikawa kasha lililotobolewa tundu kifunikoni, na mwandishi wa mfalme akahesabu pamoja na kuhani mkuu. Hapo tuko pamoja. Lakini shuka mpaka mstari wa 15: waliokabidhiwa fedha za kuwalipa mafundi hawakudaiwa hesabu, kwa sababu walikuwa waaminifu. Mtoto anachemka usiku, wewe unangoja karatasi ya zahanati?

Mweka hazina mstaafu, Masasi

Umenishika. Nami nikushike kidogo: hao walipewa fedha iliyokwisha kuhesabiwa na kufungwa mifukoni, na kila aliyepita aliona mbao na mawe yanaingia. Sikutaka karatasi ili nikunyime. Nilitaka bajeti yenye mstari wa matibabu ya watumishi, ili usinijie jioni unanong'ona kama mkopaji. Kanisa likishakosa mstari huo, mtoto wako anatibiwa kwa huruma ya mweka hazina, na mweka hazina mwingine hana huruma.

Marahaba mwanangu wa Nanyumbu. Fedha haikai, hata kwangu haikai. Lakini benki yako inaweza kupokea maagizo ya kudumu: tarehe fulani, kiasi fulani kihamie akaunti ya kanisa. Unaweka mwenyewe, unafuta mwenyewe, karani wa chama hana habari. Nasi upande wetu, fedha ya Novemba tuigawe kwa kumi na mbili siku ile ile inapoingia, kila mwezi uguse fungu lake tu. Machi haitakuwa msiba.

Mama wa Newala, la kwako sikuliwaza. Miaka tisa nimeandika kadi hizo kwa mkono wangu.

Mhasibu kijana, Mtwara mjini

Shikamoo babu. Mtaa hauwezi kusaini mkataba na AMCOS. Mbele ya sheria mtaa si mtu. Mwenye mali na mikataba ni Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa. Angalia hati ya kiwanja cha kanisa, utakuta jina la wadhamini, si la padri wala la mtaa. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaihesabu imani ya dini kuwa taarifa nyeti. Fomu hizo zikianza kuzagaa ofisi ya chama, ataulizwa aliyezipeleka.

Mkulima, Nanyumbu

Hayo maagizo ya benki wanatoza shilingi ngapi?

Mweka hazina mstaafu, Masasi

Uliza dirishani kabla ya Oktoba. Na ukiyaweka, dai risiti ya kanisa vilevile, usitosheke na ya benki.

Kikaoni nitaomba jambo moja litangulie kura: hesabu za misimu miwili, mapato na matumizi, zisomwe zote na kubandikwa mlangoni, "itakuja" zikiwemo. Nyingine ni mwandiko wangu.