Mdogo wangu haamini tena kuwa Mungu yupo: je, kumtajia jehanamu ni kumwonya au ni kumtisha?

Mwana wa Rungwe:

Ndugu wanajukwaa, amani iwe kwenu. Mimi ni Mkristo wa Kanisa la Moravian. Mdogo wangu, aliyemaliza chuo kikuu hivi karibuni, ametutangazia nyumbani kwamba haamini tena kuwa Mungu yupo. Mama analia, mjomba anamtaja Ibilisi, nami nimepewa kazi ya kuzungumza naye kwa kuwa tangu utotoni tumekuwa tukielewana. Tatizo ni kwamba kila mara mazungumzo yetu huishia palepale: namuuliza kama haogopi moto wa milele, naye ananijibu kwamba hofu ndiyo inayonishikilia kanisani, na kwamba jehanamu ikiondolewa leo makanisa yatabaki matupu kesho. Nimemweleza kuwa kama Mungu hayupo mimi sitakuwa nimepoteza kitu, ilhali kama yupo yeye atakuwa amepoteza vyote. Alicheka tu.

Naomba kuuliza mambo mawili. Mtu asiyeamini husikia nini hasa anapotajiwa jehanamu? Na sisi Wakristo, tukinyamazia jambo ambalo Yesu mwenyewe alilisema, tutakuwa tumewapenda ndugu zetu au tumewatupa? Nitashukuru kupata majibu ya pande zote mbili, bila matusi.

Mpwani Asiyeamini:

Ndugu yangu, ahsante kwa kuuliza kwa heshima. Mimi nimelelewa katika familia ya Kianglikana Mombasa na sasa siamini. Kwanza umpoze mama: mwanawe si wa kwanza. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 755,750 waliosema hawana dini au hawamwamini Mungu; Tanzania hamwezi kujua idadi yenu kwa sababu sensa haijauliza dini tangu ile ya 1967.

Swali lako la kwanza unaweza kulijibu mwenyewe ukikumbuka mihadhara ya dini inayofanyika viwanjani, ambako mhadhiri wa Kiislamu, Biblia ikiwa mkononi, huwaeleza Wakristo kwamba kumwita Yesu Mwana wa Mungu ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu na mwingine, na kwamba anayekufa katika shirki makazi yake ni motoni. Je, uliwahi kukosa usingizi kwa sababu ya onyo hilo? Sidhani. Pengine ulilijibu kwa aya, pengine uliondoka zako, lakini hukuingiwa na hofu, kwa kuwa onyo humtisha yule tu ambaye tayari anashuku kwamba huenda likawa kweli. Hivyo ndivyo mdogo wako anavyokusikia.

Hoja uliyompa ni ya zamani sana. Mwanahisabati Mfaransa Blaise Pascal aliiandika kabla ya kufariki mwaka 1662, ikachapishwa 1670, na yeye mwenyewe alifahamu kwamba hesabu ya faida na hasara haimwingizi mtu imani, ndiyo maana akamshauri msikilizaji wake aanze kwa kutenda kama waumini watendavyo. Mfaransa mwenzake wa karne iliyofuata, Denis Diderot, alijibu kwamba imamu naye angeweza kuitumia hoja hiyohiyo. Sisi wa Pwani hatukuhitaji Mfaransa atuambie hayo. Tunaishi mtaa mmoja na watu ambao kila mmoja ana moto wake wa kutukinga nao, na Pascal hasemi tuukimbie upi.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo simuungi mkono mdogo wako. Mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell, katika hotuba aliyoitoa London tarehe 6 Machi 1927, alisema kuwa dini imejengwa kwanza kabisa juu ya hofu, na wengi wetu tusioamini hulirudia neno hilo kana kwamba limefunga mjadala. Marehemu bibi yangu aliimba nyimbo za dini tangu alfajiri hadi usiku, na wala sikumbuki akitaja moto. Alimpenda Yesu, basi. Kumwambia mwamini kwamba anaamini kwa woga ni kudai kuyaona yaliyo moyoni mwake, sawa na yeye anapodai kwamba tumemkana Mungu ili tutende dhambi bila bughudha. Pande zote mbili hupenda kueleza kwa nini mwenzake anafikiri anavyofikiri, na wachache hujali kuuliza.

Jambo la mwisho, na kwangu ndilo zito kuliko yote: hofu haiondoki siku ile imani inapoondoka. Wapo wenzangu, hasa waliokulia kwenye kanda na video za ushuhuda za watu wanaodai kupelekwa kuzimu na kurudi, ambao hawaamini neno lolote kati ya hayo na bado hushtuka usiku. Ukimwona mdogo wako anakuwa mkali ghafla jehanamu inapotajwa, usiharakishe kusema ni kiburi.

Katekista wa Kijijini:

Tumsifu Yesu Kristo. Nitajibu swali la pili, maana ndilo linalotuhusu sisi.

Hatuwezi kunyamaza, lakini tuangalie Bwana alikuwa akizungumza na nani. Katika Mathayo 23 aliwauliza waandishi na Mafarisayo, “mtaiepukaje hukumu ya jehanum?” Katika Luka 16 aliyekuwa akiteswa katika miali ya moto ni tajiri aliyemwacha Lazaro mlangoni pake na vidonda vyake. Katika Mathayo 25 wanaopelekwa motoni ni wale ambao hawakumlisha mwenye njaa wala kumtazama mgonjwa. Maneno makali mno yalielekezwa kwa watu wa dini na wenye mali, nasi tumeyageuza tukamwelekezea kijana mwenye maswali. Paulo naye, aliposimama Areopago mbele ya wanafalsafa wa Athene, aliitaja siku ya hukumu na ufufuo, lakini moto hakuutaja. Alianza na madhabahu yao na maneno ya washairi wao.

Hata ule mstari unaopendwa na wahubiri, Mathayo 10:28, unaotuamuru tumwogope awezaye kuangamiza mwili na roho, waliambiwa wale Thenashara wakati wanatumwa kwenye mateso, na baada ya mistari mitatu tu Bwana anawaambia: “Msiogope basi, bora ninyi kuliko mashomoro wengi.” Anayesoma wa kwanza akaacha huo wa pili hajahubiri Injili.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inaieleza jehanamu kuwa ni hali ya mtu kujitenga mwenyewe na Mungu moja kwa moja, na Papa Yohane Paulo wa Pili alilirudia hilo katika katekesi yake ya tarehe 28 Julai 1999, akifafanua kwamba picha za moto katika Maandiko zinataka kufasiriwa ipasavyo. Kwa hiyo, anayeonya ni kama mtu anayesimamisha gari kuambia watu kwamba daraja la mbele limebomoka; hakulibomoa yeye.

Mpwani Asiyeamini:

Mwalimu, nimeyapenda maelezo yako, lakini mfano huo wa daraja hauwezi kuvuka. Kwa mafundisho yenu, aliyelijenga daraja, aliyejua tangu mwanzo kwamba litabomoka, na atakayemhukumu aliyetumbukia, ni mmoja. Hapo ndipo sisi tunaposikia kitisho, hata kama wewe unayetuonya una nia njema kabisa.

Katekista wa Kijijini:

Ni kweli, mfano haufiki huko. Ningekujibu kwa uhuru wa mwanadamu, ila najua ungeniuliza uhuru gani huo wenye adhabu isiyo na mwisho kwa maisha ya miaka sabini, na swali hilo wenyewe kwa wenyewe bado tunaulizana.

Msabato wa Mara:

Ndugu wapendwa, naona mnabishana kana kwamba Wakristo wote wanaamini mateso yasiyo na mwisho. Sisi Waadventista Wasabato tunafundisha kwamba wafu hawajui neno lolote, kama isemavyo Mhubiri 9:5, na kwamba mwisho wa waovu ni kuteketea, ndiyo mauti ya pili ya Ufunuo 20:14, si kuchomwa milele na milele. Wala hatuko peke yetu: John Stott, kasisi Mwanglikana wa Uingereza aliyeheshimiwa sana na wainjili, aliandika mwaka 1988 kwamba anaelekea kuukubali mtazamo unaofanana na huo. Mwana wa Rungwe, kabla ya kumtetea Mungu kwa mdogo wako, mwulize ni jehanamu ipi anayoikataa, kwa maana huenda wewe pia unaikataa.

Mtafiti Mdogo:

Naongeza dokezo. Mwaka 2012 Azim Shariff na Mijke Rhemtulla walichapisha utafiti uliolinganisha nchi 67, wakakuta kwamba pale ambapo imani katika jehanamu ina nguvu kuliko imani katika mbingu, uhalifu huwa mdogo zaidi. Ni uhusiano tu wa takwimu, hauthibitishi kisababishi, na hata ungethibitisha usingetuambia kama jehanamu ipo. Lakini wanaosema hofu haina kazi yoyote katika jamii wangepaswa kuujibu.

Mwana wa Rungwe:

Nawashukuru wote. Suala la mihadhara limenigusa kuliko mengine, kwa sababu ni kweli kwamba niliwahi kuyasikiliza maonyo hayo na kwenda kula chakula changu cha mchana kwa raha. Limebaki moja. Mdogo wangu atakuja nyumbani Pasaka, na mama, bila kumwarifu, amekwisha kumwalika mwinjilisti afike siku hiyohiyo “kumfungua”. Je, nimzuie mama?

Katekista wa Kijijini:

Zungumza na mama kwa upole. Mwinjilisti aje kama mgeni wa Pasaka, ale na familia, asiombe juu ya kichwa cha mtu ambaye hakuomba kuombewa.

Mpwani Asiyeamini:

Mimi ningeenda mbali zaidi: mpigie simu mdogo wako leo umwambie nani atakuwepo, aamue mwenyewe kama atakuja. Akikuta ametegewa, hatarudi Pasaka ijayo.